Sauti Zitalala Wapi

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na kwa dobi mvua ni mgeni asiyejua kuaga. Kamba za uani tumezianua zote. Nguo zimeingia ndani, zimejaa mpaka juu ya mlango, na Mama Mdogo, mwenye duka na mwenye mimi, amenituma nikafute ukungu kwenye kioo cha mbele ili wateja wajue bado tuko hai.

Naanza daftari hili kwa sababu ukumbi wa mtaa wa pili wamenipa nusu saa. Jumapili ya tarehe 19 Mei, saa tisa alasiri, mimi na muziki wangu. Sharti lao ni kwamba kila kitu uwe umekitengeneza mwenyewe, na ukipige pale pale watu wakikuona, siyo kubonyeza mara moja halafu kupunga mikono.

Muziki wangu naukata humu humu dukani. Pasi ya mvuke ikipumua, hiyo ni ngoma. Hanga zikigongana kwenye reli, hizo ni njuga. Mashine kubwa ya kufulia ikikaribia kumaliza hutikisa mguu mmoja, na huo mtikisiko ndio besi yangu. Narekodi kwa simu, nakata vipande, navipanga upya. Lakini simu yenyewe kioo kimepasuka na inajaa upesi, na huwezi kusimama mbele ya watu mia mbili na kitu cha kupigia hodi. Nahitaji chombo cha kweli.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa Mzee wa Waya, anayeuza na kutengeneza vyombo vya muziki. Jina amelipata kihalali. Ukimtafuta dukani kwake unaanza kufuata waya.

Nilidhani ataniuliza nina kiasi gani. Aliniuliza nafanya nini. Nikamweleza pasi na hanga, naye hakucheka. Akaniwekea vitu viwili mezani. Cha kwanza deki, ile yenye sahani mbili za kuzungusha na taa kama za harusi. Cha pili kisanduku cha kijivu chenye vitufe kumi na sita vya mpira, kibaya cha sura, hakina hata taa ya kujidai. Kila kitufe unakipa kipande kimoja cha sauti. Unagonga, kinalia.

"Deki ni ya mtu anayepakua chakula kilichoiva," akasema. "Kisanduku ni cha anayepika. Wewe unapika au unapakua?"

Nikasema napika.

"Basi jiulize swali moja tu. Sauti zako zitalala wapi? Deki haina tumbo, binti. Kila kitu kinakaa kwenye laptopu, na deki ni mikono tu. Hiki kina kadi yake humu ndani. Ukiondoka nacho, umeondoka nazo."

Nikavaa hedifoni, nikagonga vile vitufe. Ukigonga, sauti iko pale pale, haichelewi hata kidogo. Nimerudi nyumbani vidole vinaniwasha.

Jumatatu, 11 Machi

Kaka yangu mtaa mzima wanamwita Amplifaya, na si kwa sababu ya vyombo vyake. Anapiga muziki kwenye harusi. Nilikosea kumwambia habari za kisanduku.

Alicheka mpaka akakaa chini. Eti watu hawaji kusikiliza, wanakuja kuona. Eti nikisimama na kile kiboksi watadhani napiga hesabu za duka. Deki, mdogo wangu, deki. Laptopu atanipa yeye, ya kwake, niitumie nitakavyo, sisi si tumbo moja? Akanivika kilemba cha ukoka, kwamba mikono yangu imeumbwa kwa ajili ya zile sahani. Nami nikakaza kilemba kichwani kabisa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimenunua deki. Mzee wa Waya hakubisha. Aliuliza tu kama nina laptopu, nikasema ya kaka, akakata utepe wa gundi kwa meno na kufunga boksi.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Shuka za nyumba ya wageni, zote, na hazitaki kukauka.

Alhamisi, 21 Machi

Mama Mdogo huongea na nguo. Wateja hawajui, maana haongei mbele yao. Akishafunga mlango wa kati, akashika pasi, ndipo anaanza. Suruali ya mwalimu wa hesabu anaiuliza mbona magoti yameisha, inamwomba nani msamaha. Sare ya dereva wa gari la wagonjwa anaipa pole, siku hizi unabeba wengi, mwanangu. Gauni la bibi harusi analiambia litulie, presha ya nini. Nimekulia chini ya meza ile. Nilijua kucheka na nguo kabla sijajua kuzivaa.

Mwisho wa reli kuna shati moja la mistari ambalo halina mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Baba Mdogo. Alilileta mwenyewe kupigwa pasi, akaaga kwamba anakwenda kazini, na huu ni mwaka wa tisa. Kila msimu wa mvua Mama Mdogo hulishusha na kulipiga pasi ili lisiote ukungu. Leo amelishusha. Akapiga kola, akapiga mikono, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, halafu akasema kwa sauti ya chini, bila kulalamika, kama anayemkumbusha mtu mwavuli wake:

"Ungerudi hata kulichukua."

Simu yangu ilikuwa nyuma ya kopo la wanga, inarekodi mvuke. Sikuizima.

Saa ya chakula nimekata kile kipande. Ndicho bora kuliko vyote nilivyowahi kupata. Kina pumzi, kina mvuke nyuma yake, na lile neno "hata" linaanguka mahali pake lenyewe. Nilipaswa kuona haya. Nilifurahi.

Jumatano, 27 Machi

Wimbo umekamilika, nyumbani kwa kaka, kwenye laptopu ya kaka. Unaanza na mashine kutikisa mguu, hanga zinaingia, halafu kila kitu kinanyamaza na Mama Mdogo anasema ungerudi, na lile hata nimelirudia mara tatu, hata, hata, hata, kabla ya kulichukua. Amplifaya alisikiliza wote asiseme neno. Huyo ni mtu anayeongea akiwa anapiga mswaki.

Simu nimeifuta yote kupata nafasi. Sasa kila kitu kiko kwake.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Mashine ya kukaushia imekufa. Tumekausha soksi kwa pasi, moja moja, kuanzia asubuhi.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilikwenda kwa kaka kufanya mazoezi, deki haipo, laptopu haipo, kaka hayupo. Yuko harusini. Mke wake akaniambia deki yako imemfaa kweli kaka yako, ya kwake sahani moja ilikuwa inakwama. Nikacheka naye. Nilikuwa nimemnunulia kaka yangu deki, na nilikuwa wa mwisho kujua.

Jumatatu, 8 Aprili

Mteja amekuja kuchukua pazia akiwa bado na wanja wa Jumamosi. Harusi ilifana, asema, na kaka yako katoa wimbo mpya wake, watu waliurudisha mara nne.

Nilimfuata kwake mvua ikininyeshea. Hakukana. Kwa nini akane? Alikuwa ananiona mimi ndiye mwenye tatizo.

"Si mambo ya nyumbani haya?" akasema. "Nimekutangazia."

"Ulisema ni wa nani?"

"Nilisema ni kazi ya Amplifaya. Jina lako nani analijua, mdogo wangu? Acha lipande kwangu kwanza, halafu utakuja kwa mgongo wangu."

Nikadai vipande vyangu. Akafungua laptopu, akatafuta, akajikuna kisogo. Vile vibichi, pasi peke yake, hanga peke yake, alivifuta kupata nafasi ya nyimbo za harusi. Alidhani ni kelele. Uliobaki ni ule wimbo mmoja, na alishawagawia watu wa harusi kwenye simu zao.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nafua nguo za mtaa mzima na huyo sikumwona.

Jumatatu, 15 Aprili

Wimbo umetoka nje. Saluni ya ng'ambo wanaupiga. Wanafunzi wakivuka barabara wanaimba hata, hata, hata, wanaruka madimbwi kwa mdundo wake. Mama Mdogo yuko ndani na mvuke, hasikii. Mimi ndiye niko mbele, na kila mtoto akipita nakohoa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimerudi kwa Mzee wa Waya na deki chini ya kwapa, imekwaruzwa ubavuni. Alinibadilishia na kisanduku kama kile, tena kilichotumika, vitufe viwili vinagoma. Sikulalamika. Hakuniambia nilikuambia, na ningependa angesema, ili nipate wa kumchukia. Vipande vyangu vya mashine nimeanza kurekodi upya. Wimbo ule nao nimeuingiza.

Jumatatu, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi. Naanza na dereva.

Dereva wa gari la wagonjwa alikuja saa tano kuchukua sare yake. Mtu mchangamfu. Mama Mdogo ndiye aliyeitoa ndani, na yule bwana, kwa nia njema kabisa, akaipokea kwa kuimba, "Nimerudi hata, hata, hata kulichukua!" Mama Mdogo akatabasamu kama unavyomtabasamia mteja. Akauliza ni wimbo gani huo. Nilikuwa nimesimama na fungu la taulo, sikuweza hata kuziangusha.

Akaupiga kwenye simu yake. Akaiweka juu ya kaunta, akaongeza sauti.

Mama Mdogo aliusikiliza wote. Mashine ilipotikisa mguu niliona anaitambua, akatazama nyuma kuelekea ilipo. Halafu ikaja sauti yake. Uso wake haukubadilika. Dereva alikuwa anatikisa bega. Wimbo ulipokwisha Mama Mdogo akamfungia sare kwenye karatasi, akamwambia ahsante, karibu tena, akarudi ndani. Nikamfuata.

Alikuwa ameshika pasi lakini hapigi kitu. Nikaanza kusema haraka haraka. Ni kaka, nikasema. Ni yeye aliyeupeleka harusini, ni yeye aliyeugawa, kaniibia, kafuta kazi yangu, kajiita mwenyewe. Nilisema mengi na yote yalikuwa kweli.

Akaniacha nimalize.

"Kaka yako ameichukua kwenye kompyuta," akasema. "Kwenye kompyuta ilifikaje?"

Macho yangu yakaenda kwenye kopo la wanga.

"Mlango ulikuwa umefungwa, mwanangu. Nilikuwa naongea na mume wangu."

Hakulia, hakunifukuza. Akachukua foronya iliyofuata na kuipiga pasi pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsikia akiiambia kitu. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Wiki mbili nimezunguka na jeraha langu nikimwonyesha kila mtu, na wakati wote huo mpini ulikuwa mkononi mwangu.

Jumapili, 28 Aprili

Nimemwomba radhi. Akasema, "Itoe." Nikaapa nitaitoa. Akasema nisiape, niitoe tu.

Kwenye simu za watu sauti yake siwezi kuitoa, na anajua hilo. Anachotaka ni mimi niitoe kwangu.

Jumanne, 30 Aprili

Mama wa ukumbi, anayepanga ratiba, ni mpole mpaka anapokukatalia. Nilimwambia ule wimbo sitaupiga. Akavua miwani. Tangu uliposema ni wako, watu wamechukua viti kwa sababu ya ule wimbo, asema. Nyimbo nyingine ni za kuanzia tu, lakini ule ndio jina lako. Kama huna, nusu saa nitampa kaka yako, yeye anao.

Nilitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Nikamwambia nitaupiga, lakini bila maneno. Mdundo utakuwepo, sauti ya mtu haitakuwepo. Akavaa miwani, akasema maneno si kitu, mradi watu waujue.

Nimefanya vizuri. Nimetimiza ahadi na nusu saa nimebaki nayo. Nimeandika hivyo na nimesoma tena, na sipendi ninavyosikika.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua inapungua. Mzee wa Waya amenitengenezea kitufe kimoja kati ya viwili. Nikamsikilizisha wimbo bila sauti: kila kitu kinanyamaza mahali pale, kimya cha pumzi mbili, halafu mdundo unarudi. Alivua hedifoni.

"Hapa umetoa kipande, hujashona," akasema. "Tengeneza mwingine, mtoto wangu. Penye tundu watu huingiza kidole."

Kila mtu mtaani ameamua kuwa fundi nguo. Nilimwambia kile kimya ndicho kizuri. Na ni kweli, ndicho kizuri. Siku kumi na tano hazitoshi kutengeneza kitu kingine cha namna ile, na labda maisha hayatoshi.

Jumamosi, 11 Mei

Mama Mdogo ameniuliza, "Umeitoa?" Nikasema nimeitoa. Hakuuliza zaidi. Akasema basi atakuja.

Jumapili, 19 Mei

Jua limetoka, la kwanza baada ya siku nyingi. Mama Mdogo alifunga duka, akavaa gauni lake la zambarau, akakaa mstari wa mbele, mkoba juu ya magoti. Kaka alikaa mstari huo huo, pembeni kabisa, na mke wake. Alikuja, lazima niseme, bila kujitangaza, na alinisaidia kubeba meza.

Kisanduku kilinitii. Dakika ishirini za kwanza zilikuwa zangu kweli. Nilianza na pasi peke yake, nikaongeza zipu, nikaongeza maji yanayotoka kwenye bomba la nyuma, kila kitu kwa kidole changu, na watu waliona kidole na wakasikia sauti, wakaelewa. Nilimwona Mama Mdogo akimwonyesha jirani yake kwa kidevu. Huyo ni wangu. Nililiona hilo kwa macho yangu, na hakuna atakayeninyang'anya.

Halafu mashine ikatikisa mguu. Ukumbi mzima ukapiga kelele kabla hanga hazijaingia. Wakasimama. Ilipofika mahali pale, nikanyamazisha vyote kama nilivyopanga, na kile kimya cha pumzi mbili kikafunguka, na watu mia mbili wakakijaza.

Ungerudi. Hata, hata, hata kulichukua.

Walijua kila kitu. Walijua mpaka pale sauti yake inaposhuka. Waliokaa na Mama Mdogo waliimba, yule jirani aliyeonyeshwa kwa kidevu aliimba, akamgusa na kiwiko ili naye aimbe. Amplifaya alisimama. Alikuwa ameuona uso wa Mama Mdogo, mimi bado. Akainua mikono yote miwili, akapiga ukelele nyamazeni, nyamazeni jamani, na wao wakadhani anachochea, wakazidisha. Maskini kaka yangu. Siku aliyotaka kunyamazisha ndiyo siku sauti yake haikutosha.

Na sasa niandike kile ambacho hakuna mtu mwingine anakijua. Ningeweza kuzima. Kitufe cha kuzimia kilikuwa chini ya kidole gumba changu cha kushoto, na hicho hakigomi. Mzunguko ulikuwa unarudi kila baada ya sekunde kumi na nne. Baada ya mara ya kwanza nilimtazama Mama Mdogo, nikaona ameshika mkoba kwa mikono miwili na anatazama sakafu. Nilimwona. Na watu mia mbili walikuwa wananiangalia mimi, wanaimba kitu nilichokikata mimi, na ilikuwa tamu. Nikauacha uzunguke mara nne zaidi.

Nilipoinua macho kiti chake kilikuwa kitupu. Kaka alikuwa amemfuata. Mimi nilipigiwa makofi.

Jumatatu, 20 Mei

Nimefika kazini mapema. Alikuwa ameshafungua. Kanisalimia, kaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayaanza, akanizuia kwa kiganja. Akasema shuka za nyumba ya wageni zinatakiwa saa nane.

Jumatano, 22 Mei

Mama wa ukumbi ameleta ujumbe. Wananitaka tena msimu ujao, saa nzima. Nimeupokea. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 27 Mei

Anga kavu. Kamba zimerudi uani, nguo zinakauka kabla ya saa sita.

Mama Mdogo amenunua redio. Hajawahi kuwa na redio dukani, alikuwa akisema kelele za watu asiowajua zinamchosha. Ameiweka kwenye rafu juu ya meza ya pasi, pembeni ya kopo la wanga, na anaifungua asubuhi kabla ya kufunga mlango wa kati. Sauti mpaka mwisho. Habari, matangazo ya sabuni, mechi, wanaume wanaobishana bei ya mafuta. Haisikilizi. Nilimjaribu, nikamuuliza nani kafunga goli, akasema goli gani.

Leo nilisukuma mlango kidogo kumpelekea hanga. Alikuwa amenipa mgongo, amelaza suruali ya mwalimu wa hesabu, pasi inakwenda na kurudi. Kwenye kioo cha dirisha niliuona uso wake. Alikuwa anaiambia kitu ile suruali. Midomo ilikuwa inatembea, akatua kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea. Alisema mengi. Nilisimama pale na hanga mkononi mpaka akamaliza mguu wa pili, na sikusikia hata neno moja.